Dobi Aliyempiga Pasi Shangazi

Dobi wa shule ile alikuwa mtu wa kujisikia, na haki ya kujisikia alikuwa nayo. Nguo za bweni zima zilipita mikononi mwake, na hakuna shati lililotoka kwake na mkunjo mahali pasipotakiwa mkunjo. Ukimwona mtoto anapita njiani na sketi yake imesimama kama imechongwa, usiulize, huyo anafuliwa na dobi. Mwalimu mkuu mwenyewe, kabla ya kikao na wazazi, alikuwa hamwiti mhasibu wala hamwiti naibu wake. Alimwita dobi, akatandaza mikono kama mtu anayepekuliwa na askari, na dobi akamzunguka huku akitikisa kichwa.

"Hii kola nani kaigusa?"

"Nimeigusa mwenyewe. Nilikuwa nafunga tai."

"Vua."

Na mwalimu mkuu anavua, na mlango wa ofisi umefungwa, na wazazi wanasubiri nje.

Sasa kila mtu ana dosari yake, na ya dobi ilikuwa moja tu, lakini ilikuwa imenenepa. Hajui kusema samahani. Si kwamba hakuwa anakosea. Pasi ni pasi, itaunguza tu siku moja. Lakini dobi akiunguza nguo alikuwa anaiinua kwenye mwanga wa dirisha, anachungulia kwenye tundu kwa masikitiko kama mtu anayemtazama mgonjwa, halafu anasema, "Kitambaa dhaifu." Basi, kesi imeisha. Wewe ulinunua nguo dhaifu, ukamletea mtu wa watu, halafu unataka alaumiwe yeye?

Mkewe alikuwa msusi mwenye saluni ndogo karibu na lango la shule. Alikuwa akiwaambia wateja wake, "Siku mume wangu akitamka samahani, nafunga saluni nacheza katikati ya barabara. Magari yanisubiri."

Walikuwa na mtoto mmoja, binti, yuko kidato cha tatu hapo hapo shuleni. Mtoto kamfuata baba yake kichwa kigumu na kamfuata mama yake ulimi. Ndiye aliyekuwa kapteni wa timu ya roboti, na timu ya roboti ilikuwa na makao yake ndani ya chumba cha dobi. Sababu yenyewe ni nyepesi. Maabara ya shule ilikuwa na soketi moja, nayo ilikuwa inatoa cheche. Chumba cha dobi kilikuwa na soketi nzima ya ukutani na meza ndefu ya kupigia pasi. Kwa hiyo jioni ungekuta upande huu marundo ya soksi, upande ule misumari, gundi, vipande vya waya na watoto wanaobishana.

Roboti lenyewe lilikuwa sanduku la bati lenye magurudumu manne, mkono mmoja wenye koleo, na jicho moja la kamera. Kazi yake ilikuwa kutembea kwenye mchanga, kuokota mawe na kuyatia kwenye sanduku lake mgongoni. Siku ya kwanza kuwashwa halikuokota jiwe lolote. Lilikwenda moja kwa moja mpaka kwenye mkoba wa mtu, likaufungua, likatoa mkate. Kijana aliyekuwa na kazi ya kutunza betri, ambaye shule nzima ilimwita Betri, akapiga makofi akasema, "Huyu ni shangazi yangu kabisa! Anaingia hivi hivi, hodi hakuna!" Tangu hapo likaitwa Shangazi, na likawa si kitu tena, likawa mtu.

Ikaja habari kwamba kituo cha anga kimealika shule. Kila shule ilete roboti lake, likatembezwe kwenye ukumbi uliojazwa mchanga na mawe kama ardhi ya sayari nyingine. Mwalimu wa fizikia, mwanaume mwembamba ambaye hawezi kufungua kinywa bila kusema "kimsingi", akatangaza mbele ya shule nzima.

"Kimsingi, kule wanaunda setilaiti. Punje moja ya vumbi kwao ni balaa. Kila kitakachoingia kule kiwe safi. Watu wawe safi, viatu viwe safi, na mashine iwe safi."

Dobi alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango. Aliposikia neno safi mara tatu alijiona ameitwa kwa jina. Na kwa kuwa kituo kilitaka mzazi mmoja afuatane na watoto, alikuwa ameshajiandikisha yeye kabla wazazi wengine hawajamaliza kufikiri.

Jumamosi watoto wakiwa uwanjani kwa michezo, dobi aliingia chumbani kwake akamkuta Shangazi mezani. Hali yake ilitia huruma. Alikuwa na chaki mgongoni, gundi kwenye makwapa, mchanga kwenye magurudumu, na kwenye koleo alama za vidole vya mtu aliyetoka kula karanga.

"Hivi ndivyo watakavyokupeleka ugenini?" dobi akamwuliza. Shangazi hakujibu.

Kwanza alitoa betri, maana hakuwa mjinga. Kisha akachota maji ya uvuguvugu, akatia sabuni ya unga, akamtumbukiza. Alimsugua kwa brashi ya kola, na penye vipembe akatumia mswaki. Alimsuuza mpaka maji yakatoka meupe. Maji ya mwisho aliyatia tone la buluu, ile inayong'arisha mashati meupe, kisha akamtundika kwenye kamba kwa vibanio, magurudumu juu, kati ya shuka mbili za bweni la wasichana.

Jua lilipomkausha, dobi akamrudisha mezani kumkagua. Alikuwa anang'aa. Lakini tumboni, kutoka kwenye ubongo wake kwenda magurudumu ya kulia, kulikuwa na nyaya bapa zilizoshikana pamoja kama utepe, na utepe ule ulikuwa umekunjamana.

Mtu mwingine angeuacha. Dobi alijaribu kuuacha. Alikwenda akakunja soksi, akarudi akautazama. Akafagia, akarudi akautazama. Mikunjo ile ikamkaa rohoni. Mwishowe akawasha pasi, akatandaza kitambaa kibichi juu ya utepe, akaupiga pasi taratibu, ukanyooka kama barabara mpya. Akamfunika Shangazi kwa shuka safi, akakaa kwenye kiti akisubiri kushukuriwa.

Watoto wakaja na jasho lao. Betri ndiye aliyefunua shuka. Akanusa.

"Mbona Shangazi ananukia maua?"

Binti akaweka mkono juu ya bati, akaugeuza mkono akautazama. Akatikisa sanduku. Ndani likasema chwa, chwa.

"Baba. Umefanya nini?"

"Nimemfua," dobi akasema, kifua mbele. "Si mlitangaziwa usafi?"

Mwanachama wa tatu wa timu ile, msichana ambaye kazi yake ilikuwa kuandika maagizo ya kompyuta na kubishana na kila mtu, na ndiyo maana aliitwa Mbishi, safari hii hakubisha. Alikaa chini sakafuni, miguu mbele, kama mtu aliyefika msibani. Mwalimu wa fizikia akaitwa, akaja mbio, akasema "Kimsingi," akakwama hapo hapo.

Walimbeba Shangazi mpaka saluni kwa mama. Siku kadhaa alikaa chini ya draya kubwa ya nywele, kwenye foleni na wateja, na mteja mmoja aliyekuwa haoni vizuri akamwuliza anasuka mtindo gani. Mama wa binti alicheka mpaka akamkata mtu nywele zisizokatwa. Lakini draya ilifanya kazi. Siku walipomrudishia betri, taa ya Shangazi ikawaka, jicho likazunguka, magurudumu yakaenda.

Ila kulia hakati. Ukimwambia kushoto, anakwenda kushoto. Ukimwambia kulia, anatetemeka, anafikiri, halafu anakwenda kushoto.

"Ni maji," akasema Betri.

"Ni maji," akasema Mbishi, na kukubaliana kwao peke yake kulitisha.

"Kimsingi ni maji," akasema mwalimu.

Dobi akanywa chai yake. Kuhusu pasi hakuna aliyemwuliza, na yeye hakuwa mtu wa kujibu asichoulizwa. Tena moyoni mwake aliamini kwamba kati ya yote aliyomfanyia Shangazi, pasi ndiyo iliyokuwa kazi nzuri zaidi.

Jioni hiyo nyumbani binti alisimama mbele yake. "Baba, sikuombi kitu kikubwa. Sema samahani tu, yaishe."

Dobi alitazama dirishani. Alitazama dari. Neno lilimfika kooni, likageuka likarudi lilikotoka.

"Mashine dhaifu," akasema.

Binti akaingia chumbani akafunga mlango, na kutoka hapo hakumsemesha baba yake tena. Si asubuhi, si jioni, si mezani. Akitaka chumvi na chumvi iko mbele ya baba, anamwambia mama yake, "Mama, mwambie dobi anisogezee chumvi." Dobi! Watu wote walimwita dobi, na jina lenyewe alilipenda. Lakini likitoka kinywani mwa yule mtoto lilimchoma kuliko pasi.

"Dawa unayo mdomoni," mkewe akamwambia. "Neno moja tu."

"Mtoto ndiye anayemwomba msamaha mzazi."

"Basi endelea kupishana naye mlangoni kama wapangaji."

Siku ya safari, basi la shule liliondoka asubuhi. Dobi alikaa mbele, suti yake imenyooka hata akikaa anaonekana kama amesimama. Binti alikaa nyuma kabisa, Shangazi mapajani. Njiani dobi aligeuka mara kwa mara, akijifanya anatazama barabara iliyobaki nyuma.

"Mwalimu," binti akapaza sauti, "mwambie dobi afunge dirisha, vumbi linaingia."

Mwalimu akamgeukia mtu aliyekaa naye bega kwa bega. "Kimsingi, unaambiwa..."

"Nimesikia. Masikio ninayo."

Kituo cha anga kilikuwa na lango pana, na nyuma ya lango roketi imesimama wima, nyeupe, ndefu kuliko jengo lolote la pale. Watoto wakapiga kelele. Dobi akaweka mkono juu ya macho, akaikagua kutoka chini mpaka juu. Ndege walikuwa wameifanya choo, na michirizi imeteremka mpaka kwenye maandishi.

Aliyewapokea alikuwa mhandisi, mwanamke wa makamo mwenye miwani na kicheko cha karibu.

"Mama mhandisi," akasema dobi, "hii mnaifua lini?"

"Hii ni ya maonyesho tu, mzee. Hairuki."

"Ndiyo nasema. Mnamwonyesha nani katika hali hii?"

Mhandisi akaitazama roketi kama anaiona mara ya kwanza. "Kwa kweli," akasema, akawapitisha ndani haraka.

Kwenye ushoroba kila mtu alipewa vazi jeupe la kuvaa juu ya nguo, kofia ya kufunika nywele na mifuko ya kufunika viatu. Dobi alilipokea lake, akalikunjua, akaganda.

"Hili nani kalikunja?"

"Linatoka kiwandani hivyo, mzee. Unavaa mara moja, ukitoka unatupa."

"Unatupa wapi?"

"Kwenye pipa."

Dobi akashika ukuta. Nguo nyeupe, haina doa, inavaliwa mara moja halafu pipa! Alilivaa, lakini alilivaa kama mtu anayeshiriki dhambi ya wengine.

Wakafika mbele ya kioo kikubwa. Upande wa pili, watu waliovaa meupe walikuwa wanazunguka setilaiti iliyofunikwa kwa kitu kama karatasi ya dhahabu, inametameta. Watoto walikaa kimya kwa mara ya kwanza tangu asubuhi. Dobi alisogea mpaka pua ikagusa kioo.

"Mama mhandisi. Ile dhahabu imekunjamana."

"Ndiyo."

"Imekunjamana yote! Mbele, nyuma, hata pembeni."

"Ndivyo inavyotakiwa."

"Na itakwenda mbinguni hivyo hivyo? Hakuna mtu mwenye pasi humu ndani?"

Mabega ya binti yalitikisika. Siku nyingine angekuja akamshika baba yake mkono, wacheke pamoja. Safari hii aligeuka akatazama ukuta, na dobi akamwona anavyogeuka, na ile furaha ya kuwakosoa watu wakubwa ikamwisha.

Mhandisi hakucheka. Alieleza kwa upole. "Zile ni tabaka nyingi nyembamba, mzee, na kati ya tabaka kuna nafasi. Mikunjo inazuia zisigandane. Ukija na pasi ukazinyoosha, zinashikana, joto linapita. Kwa nje utaona pazuri, pamenyooka. Kumbe ndani mambo yameshaharibika."

"Kumbe ndani," dobi akarudia polepole.

"Ndani kabisa. Na kwa macho huoni."

Chini ya vazi lile jeupe jasho likaanza kumtoka dobi, likatafuta njia mgongoni. Utepe wa Shangazi ulikuwa umenyooka vizuri sana. Kwa nje ulipendeza. Mpaka walipoingia ukumbini alikuwa anatembea kama mtu aliyemeza kijiko.

Ukumbi ulikuwa umejaa shule. Katikati kulikuwa na uwanja wa mchanga mwekundu, vilima, mashimo na mawe. Kila roboti lilitakiwa kuokota mawe matatu na kurudi kabla ya kengele. Lilianza la shule moja ya jirani, limepakwa rangi ya fedha, likaenda likarudi kama limetumwa dukani. Yakafuata mengine. Kisha ikaitwa shule ya dobi.

Binti akamweka Shangazi mchangani, akarudi nyuma, Mbishi akabonyeza. Shangazi akaondoka vizuri, akafika jiwe la kwanza, akaliokota. Jiwe la pili lilikuwa kulia. Shangazi akatetemeka, akafikiri, akazunguka kushoto. Akazunguka tena. Ili kufika kulia alikuwa anakwenda kushoto mpaka kulia kumfikie mwenyewe, na kila akizunguka anapitiliza. Watoto wa shule nyingine wakaanza kumhesabia mizunguko kwa sauti kubwa, wengine wakasimama wakazunguka naye. Kengele ikalia Shangazi akiwa bado anacheza dansi lake, jiwe moja mgongoni.

Mhandisi akashika kipaza sauti. "Kuna sheria moja hapa," akasema. "Mashine inayougua inaweza kurudia zamu, mkitengeneza sasa hivi. Lakini lazima mniambie ugonjwa ni nini na umetoka wapi. Kubahatisha hatukubali, maana kule juu huwezi kumtuma fundi akajaribu-jaribu. Kapteni, nini kimempata?"

"Alipata maji," akasema binti.

"Vipi?"

Dobi alikuwa amesimama nyuma ya kamba pamoja na walimu. Akafumba macho. Sasa mtoto atasema. Baba yangu, yule pale, mwenye suti chini ya gunia jeupe, alimfua kwenye beseni. Na angekuwa na haki.

Binti akatazama mchanga. "Ajali," akasema. "Ni uzembe wangu mimi. Kapteni ndiye anayetunza mashine."

Dobi akafumbua macho.

"Maji yakikauka yamekauka," mhandisi akasema. "Hiki kinachomzuia kulia ni kitu kingine. Ni nini?"

"Hatujui."

"Fikirini vizuri."

Watoto watatu wakatazamana. Mwalimu wa fizikia akafungua mdomo, akaufunga bila hata kimsingi. "Hatujui," binti akarudia, na sauti ikamkatika katikati. Mhandisi akashusha pumzi, akainua mkono kuita shule inayofuata.

Hapo dobi akajikaza kisabuni, akavuka kamba. Mfuko wa kiatu kimoja ukanasa kwenye nguzo, ukabaki nyuma. Akaingia mchangani na kiatu kimoja kimefunikwa na kingine kitupu.

"Mzee, humo haturuhusu watu," akasema kijana wa zamu.

"Ni pasi," akasema dobi.

"Pasi gani?"

"Ya umeme. Nilimfua mimi. Huyu mtoto hakuzembea, mimi ndiye niliyemfua, na hilo wanalijua. Wasilolijua ni kwamba nilimpiga pasi pia. Ule utepe wa tumboni, wa magurudumu ya kulia."

Watu ukumbini wakaulizana kama wamesikia vizuri. Kisha kicheko kikaanzia kona moja, kikazunguka ukumbi mzima, na watu waliokuwa wamekaa wakasimama wamwone. Mwalimu wa fizikia akakaa chini polepole akitafuta kiti ambacho hakikuwepo.

Mhandisi peke yake ndiye aliyebaki na uso wa kazi. "Joto kiasi gani?"

"La pamba."

"La juu kabisa, basi. Muda gani?"

"Mpaka uliponyooka."

"Pasi ilikuwa kavu au ya mvuke?"

"Niliweka kitambaa kibichi juu!" dobi akasema, akakasirika kidogo. "Mimi si mshenzi."

"Huo ni ugonjwa unaojulikana, na chanzo chake kinajulikana," mhandisi akatangaza. "Zamu imerudi. Lakini mzee, naona bado una neno."

Ni kweli. Dobi alikuwa amemgeukia binti yake, mdomo unafunguka na kufungika kama wa samaki. Binti alikuwa amesimama wima, mikono imekunjwa, na hakumsaidia hata kidogo. Hatimaye neno likatoka, dogo, likaangukia mchangani miguuni pake.

"Samahani."

"Huku nyuma hatujasikia!" mtoto mmoja wa shule ya jirani akapiga kelele.

Yule mhandisi alikuwa na roho mbaya kidogo, au nzuri, mnajua wenyewe. Akamsogezea dobi kipaza sauti mdomoni. Dobi hakuwahi kushika kitu kile. Alidhani ili kifanye kazi lazima upige kelele.

"SAMAHANI MWANANGU!"

Spika zikalia, madirisha yakatetemeka, na mahali fulani nyuma ya kioo mtu mmoja aliyevaa meupe aliangusha bisibisi. Mwangwi ukazunguka ukumbi ukirudia nangu, nangu, nangu. Dobi akashtuka na sauti yake mwenyewe, akakikimbia kipaza sauti kama kimemng'ata.

Binti akamjia. Watu wakadhani atamkumbatia. Baadhi walishaanza kupangusa macho.

"Pasi?" akasema binti. "Pasi, Baba?"

"Ulikuwa umekunjamana."

"Ni waya! Waya hauna haja ya kunyooka! Nani atauona tumboni? Siku zote hizo tumemweka chini ya draya, Betri analala naye, Mbishi kaandika maagizo upya yote, wewe unatuangalia tu, unakunywa chai! Shika tochi. Si hapo. Hapa. Usitetemeshe."

"Sitetemeshi."

"Unatetemesha. Na vua hicho kiatu, umetujazia mchanga."

Betri akaukata utepe wa zamani, akauchana. Ngozi yake ya nje ilikuwa nzima, laini, inapendeza. Ndani nyaya zilikuwa zimeyeyukiana zikawa kitu kimoja. Betri alikuwa na utepe wa akiba mfukoni mwa shati, umekunjwa-kunjwa pamoja na leso na nusu ya biskuti. Dobi aliuona ulivyokunjamana, akageuza uso upande mwingine, akabaki ameshika tochi huku binti anamsema. Alimsema kuhusu buluu, kuhusu vibanio, kuhusu mswaki, akauliza mswaki ulikuwa wa nani, alipojibiwa akamsema upya. Na dobi alikuwa anaitikia "ndiyo, mama," "kweli, mama," uso umemkunjuka kama mtu anayesomewa sifa zake.

Shangazi akarudi mchangani. Akaokota jiwe la kwanza. Akafika pale penye kulia, akatetemeka. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Akakata kulia. Kelele zilizopigwa hapo zilikuwa kubwa kuliko za roketi. Akaokota la pili. La tatu alilibana vibaya, likamponyoka mara mbili, na kengele ikalia akiwa amelishika hewani, hajalitia sandukuni. Mbishi alibishana na waamuzi kwamba hewa ya juu ya sanduku ni sehemu ya sanduku, akashindwa, lakini aliwachosha. Wakawa wa katikati, si wa kwanza wala wa mwisho. Shule iliyoshinda ilikuwa ile ya roboti la fedha, na hakuna aliyelikumbuka baada ya hapo, maana watu wote walikuwa wanataka kupiga picha na mzee wa pasi.

Jioni kwenye basi, binti alikaa mbele, kiti kimoja na baba yake, Shangazi mapajani. Mwalimu wa fizikia alihamishiwa nyuma. Binti alikuwa bado hajamaliza. Alimaliza habari ya pasi akaanza ya mashati ya Betri yaliyowahi kupotea, akaingia kwenye mambo ya zamani ambayo dobi alidhani hata mkewe hayajui. Dobi alisikiliza yote. Lakini jicho lake lilikuwa limeshuka kwenye kamera ya Shangazi, ambapo mchanga mwekundu ulikuwa umeshikilia pembeni mwa kioo.

"Naona unavyomtazama," binti akasema. "Kuanzia leo humgusi."

"Simgusi."

"Maji marufuku. Sabuni marufuku. Pasi usiitaje hata jina."

"Hata kwa kitambaa kikavu?"

"Hata kwa kitambaa kikavu."

Dobi akafikiri mwendo mrefu. Basi likapita kwenye mashimo, mchanga ukacheza kwenye kioo cha kamera, haukutoka.

"Na kumpuliza?"

Binti akamtazama baba yake, akamtazama Shangazi. Alitaka kukataa, ilionekana kabisa alitaka kukataa. Kisha akamwinua, akamsogeza.

"Kumpuliza unaweza."

Dobi akainama, akapuliza polepole, kama unavyompulizia mtoto aliyeingiwa na mchanga jichoni.

"Taratibu," binti akasema. "Unamtemea mate."